Punda, Ngamia na Homa Isiyokwisha

Mkulima mwenye shamba la maji kando ya mto Turkwel, tangu Katilu mpaka Napuu karibu na Lodwar, ni vigumu kuishi bila punda. Punda huleta maji na kuni, na watu wakihama ndiye huibeba nyumba pamoja na watoto. Huko Kakuma na Kalobeyei ni vivyo hivyo. Ngamia kwetu Turkana si mnyama wa mizigo sana, kama alivyo kwa Warendille na Wasomali. Sisi twamtaka kwa maziwa na damu. Lakini wote wawili hukaa karibu na mtu, na maradhi yao mengine huvuka yakatupata sisi. Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, si daktari wa wanyama, ila nilisomea ualimu, nami nitaeleza kadiri nilivyofundishwa.

Ugonjwa nitakaokaa nao sana huitwa brusela. Mwaka wa 1887 daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, alieleza vijidudu vyake alivyovipata katika miili ya askari waliokufa kwa homa kisiwani Malta. Watu hawakujua homa ile yatoka wapi, mpaka mwaka wa 1905 Daktari Themistocles Zammit alipowapima mbuzi wa kisiwa hicho. Mbuzi wale walionekana wazima kabisa, na watu walikuwa wakinywa maziwa yao mabichi.

Ndivyo ilivyo hata kwetu. Ngamia, mbuzi au ng'ombe mwenye brusela huenda asionyeshe dalili yo yote ila kutupa mimba. Vijidudu hujaa katika maji ya uzazi, kondo la nyuma na mtoto aliyetupwa, kisha hutoka katika maziwa. Mtu huvipata kwa kunywa maziwa mabichi au kwa kumzalisha mnyama kwa mikono mitupu. Punda naye aweza kuambukizwa na ng'ombe wanaolala naye. Wakati mwingine huota jipu juu ya mabega, pale matandiko yanapokaa, likapasuka na kutoa usaha. Mwenyewe hudhani ni kidonda cha mzigo tu, akalikamua kwa vidole. Usifanye hivyo, mwite afisa wa mifugo.

Mtu akishikwa, homa huja na kwenda, hutoka jasho usiku, mgongo na viungo humuuma, na mama mjamzito aweza kuharibu mimba. Yafanana sana na malaria. Binamu yangu alimeza dawa za malaria mara tatu, na mtama wake ukaliwa na ndege kwa kuwa hakuwa na nguvu za kuulinda. Hakuna aliyemwuliza habari za ngamia wake, wala yeye hakusema. Mwishowe damu yake ilipimwa, akapewa dawa za aina mbili za kumeza kwa majuma sita. Juma la pili alijiona mzima akataka kuziacha. Mkewe alimkatalia, na alikuwa na haki, maana anayeacha mapema homa yaweza kumrudia. Basi ukienda zahanati ya Kakuma au hospitali ya Lodwar na homa isiyokwisha, usingoje kuulizwa. Sema: "Nafuga ngamia, nanywa maziwa mabichi."

Wazee watasema maziwa ya kuchemshwa hayana ladha. Kwa ladha siwezi kubishana nao, na najua kuni zinavyopatikana kwa shida. Lakini kuyagandisha peke yake hakutoshi kuua vijidudu hivi. Chemsheni kwanza mpaka yafure, kisha mgandishe mpendavyo, na kibuyu kisuuzwe kwa maji yanayochemka.

Ugonjwa wa pili ni kimeta. Mwaka wa 2015 Serikali ya Kenya ilipoyapanga maradhi ya wanyama yanayowapata watu, kimeta kiliwekwa cha kwanza, na brusela ikawa ndani ya tano. Mnyama hufa ghafla, na mara nyingi damu nyeusi isiyoganda humtoka puani na kwenye mkundu. Wakati wa njaa ni vigumu kumwambia mtu aache nyama, nami najua ninalosema. Hata hivyo msimpasue, msimchune, msimle. Mzoga ukipasuliwa vijidudu hupata hewa, hugeuka kama mbegu ngumu, na hukaa udongoni makumi ya miaka vikingoja mnyama mwingine. Uchomwe, au uzikwe futi sita chini. Mtu aliyeugusa akiota upele usiouma, ukawa kidonda chenye kigaga cheusi, aende hospitali siku hiyo hiyo, dawa ipo. Na mifugo ipigwe chanjo kila mwaka.

La mwisho ni pepopunda, ambayo hata jina lake lamtaja mnyama wetu. Vijidudu vyake hukaa udongoni na katika mavi ya punda, navyo huingia kwa mwiba wa mgunga au msumari uliochoma mguu zizini. Punda mwenye kidonda cha matandiko hushikwa pia, akakakamaa mwili mzima. Kidonda chako kioshwe kwa maji mengi na sabuni, kisipakwe mavi wala udongo, kisha uende zahanati kuulizia chanjo, hata kama mwiba ulikuwa mdogo.