Man United tatizo si kufukuza makocha, tatizo ni kuchelewa



Mimi ni Man United damu, kwa hiyo msinione msaliti. Juzi kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu jamaa mmoja wa Arsenal aliniuliza, "Nyie kila siku mnafukuza makocha, mbona hampandi?" Watu wakacheka, mimi nikakosa jibu. Nimerudi home nikapiga hesabu, na jibu ninalo: shida yetu ni tarehe ya kufukuza.

Chukueni kesi ya Erik ten Hag. Msimu wa 2023/24 tulimaliza nafasi ya 8, tulikuwa hatujawahi kushuka hapo tangu Ligi Kuu ya Uingereza ianze 1992. Tulipoteza mechi 14 za ligi, tukafungwa mabao mengi kuliko tuliyofunga, na Ligi ya Mabingwa tukashika mkia kwenye kundi. Mei 6 Crystal Palace wakatutandika 4-0. Hapo hata mtoto alijua kibarua cha kocha kimeota nyasi.

Halafu Mei 25 tukaifunga Man City 2-1, tukabeba Kombe la FA. Nilishangilia mpaka sauti ikakauka, nakiri. Lakini mechi moja ikafunika madudu ya msimu mzima. Mabosi wakatafakari, wakaamua abaki, na Julai 4 wakamwongezea mkataba hadi 2026! Wakamsajilia wachezaji, wakiwemo De Ligt na Mazraoui aliowahi kuwafundisha Ajax. Oktoba 28 wakamtimua, timu ikiwa nafasi ya 14 na pointi 11 katika mechi 9.

Kumwondoa yeye na wasaidizi wake kuligharimu klabu pauni milioni 10.4. Lakini wadau, hiyo fidia ndiyo hasara ndogo. Hasara kubwa ni muda. Kocha akiondoka Mei, mpya anapata mazoezi ya kabla ya msimu na dirisha zima la usajili. Akiondoka Oktoba, mpya anarithi wachezaji wa mwenzake na mechi kila baada ya siku tatu.

Ndiyo yaliyomkuta Ruben Amorim. Alikuja Novemba 2024 na mfumo wake wa 3-4-3, akakuta kikosi kilichonunuliwa kwa mfumo mwingine. Tukamaliza nafasi ya 15 na pointi 42, tukafungwa 1-0 na Tottenham fainali ya Europa, tukakosa kabisa michuano ya Ulaya. Januari 2026 naye akafungashiwa virago, tena katikati ya msimu.

Na sinema hii tulishaiona. Solskjaer alipewa mkataba mpya Julai 2021. Oktoba 24 Liverpool wakatupiga 5-0, tena Old Trafford! Wakamwacha. Antonio Conte alikuwa hana timu, Novemba 2 Tottenham wakamchukua. Sisi tukasubiri mpaka Watford watufunge 4-1 ndipo Novemba 21 tukamwondoa Ole. Mwisho wa msimu Tottenham wa 4, sisi wa 6. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

Kuna watakaoniambia, "Mbona Ferguson alivumiliwa?" Ni kweli. Alikuja Novemba 1986, kombe la kwanza akalipata 1990. Lakini angalieni vizuri: mwaka 1988 alimaliza wa pili, na muda wote alikuwa anajenga upya timu za vijana. Kulikuwa na kitu cha kusubiri. Kumvumilia mtu anayejenga ni subira. Kumvumilia anayebomoa kwa kuwa unaona aibu kukiri ulikosea, huo ni uoga.

Wenzetu wanafanyaje? Bayern walimtoa Kovač Novemba 2019, wakampa timu msaidizi wake Flick, Agosti 2020 wakawa mabingwa wa Ulaya. Chelsea walimtoa Lampard Januari 2021, siku iliyofuata Tuchel akaingia, Mei wakabeba Ligi ya Mabingwa. Hawa nao walifukuza katikati ya msimu, lakini mbadala alikuwa tayari na hawakungoja mpaka nyumba iungue.

Sisemi kila kocha akitoa sare mbili afukuzwe. Nasema klabu ijiulize swali moja kabla ya dirisha la kiangazi: huyu tunamwamini kweli kumpa mamilioni ya usajili? Kama jibu ni ndiyo, aachwe afanye kazi. Kama ni "tumwangalie mpaka Oktoba," aage mapema, kwa heshima zote, hata kama ameshika kombe mkononi.

Yule jamaa wa Arsenal nitampa jibu hili Jumamosi. Najua atacheka tena, lakini safari hii hatakuwa na la kusema.

Naomba kuwasilisha.