Vijana na Mji Wao

Mtu aweza kukaa katika mji miaka ishirini asiujue, ila njia ya kwendea kazini na ya kurudia nyumbani. Hasara hiyo yawafika zaidi vijana wetu wa Dar es Salaam, ambao wamezungukwa na elimu pande zote.

Tutazame historia kwanza. Mji huu uliasisiwa na Sultani Majid bin Said wa Unguja katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima. Nayo Kariakoo imepata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Wangapi hupita pale kila siku na hawana habari?

Katika sanaa, yuko Edward Said Tingatinga, aliyeanza kuchora mjini humu mwaka 1968. Hakusomea uchoraji chuoni, lakini alipofariki mwaka 1972 aliacha wanafunzi, na mtindo wake leo wajulikana duniani kwa jina lake.

Ama katika mazingira, wanafunzi wametuonyesha mfano mwema. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walishirikiana na wenyeji wa Tandale kuchora ramani ya kata hiyo. Desemba ya mwaka uleule mafuriko makubwa yaliupiga mji, yakaua watu na kubomoa nyumba za mabondeni. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria, nao wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia mitaani kuandika mitaro, njia na nyumba. Wenyeji waliulizwa maji ya mafuriko yalifika wapi. Majibu yao yakatiwa katika ramani, ambayo yeyote aweza kuitazama bila malipo.

Hapo ndipo elimu ilipokutana na uhai wa watu. Mzee aliyeona mto Msimbazi ukifurika ana ujuzi usiopatikana darasani, na kijana ndiye awezaye kuuandika kabla haujapotea.

Basi, enyi wazazi, mtoto akija na daftari lake kuuliza habari za mti, nyumba ya kale au mto, msimwambie kwamba anapoteza wakati. Mkalisheni, mumweleze. Nanyi vijana, ulizeni wangali hai wa kuwajibu.