Jungu Kuu Halikosi Ukoko: Ngano za Wales katika Riwaya za Prydain

Ndugu msomaji, wahenga walinena kwamba jungu kuu halikosi ukoko. Leo nataka tutazame jungu moja la mbali, la nchi ya Wales, na mwandishi aliyekwangua ukoko wake akatuandalia chakula kipya. Nasema hivi kwa sababu wengi wetu tukiambiwa tutunge hadithi inayotokana na ngano, tunafanya moja kati ya mawili. Ama tunaisimulia vile vile kama tulivyoisikia, ama tunaitupa kabisa na kuandika mambo ya majambazi wa sinema. Kumbe iko njia ya tatu!

Kwanza, jungu lenyewe. Wakelti ni watu wa kale waliokuwa wameenea sehemu kubwa ya Ulaya kabla ya Warumi kuwashinda. Kiwelshi, lugha ya Wales, ni mojawapo ya lugha zao zilizobaki hai hadi leo. Ngano za Wawelshi zilisimuliwa kwa mdomo kwa muda mrefu, kisha zikaandikwa. Miswada inayojulikana zaidi ni Kitabu Cheupe cha Rhydderch cha karne ya 14, na Kitabu Chekundu cha Hergest kilichofuata baadaye kidogo. Kati ya mwaka 1838 na 1849, Lady Charlotte Guest alizichapisha kwa tafsiri ya Kiingereza. Mkusanyo huo ndio unaoitwa Mabinogion.

Sasa tuje kwa mpishi. Lloyd Alexander alizaliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1924. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alikuwa mwanajeshi, na sehemu ya mafunzo yake aliipata huko Wales. Nchi ile ilimkaa moyoni. Kuanzia 1964 hadi 1968 alitoa riwaya tano za watoto, kila mwaka moja: The Book of Three, The Black Cauldron, The Castle of Llyr, Taran Wanderer na The High King. Hii ya mwisho ilipata Nishani ya Newbery mwaka 1969, tuzo kubwa kabisa ya vitabu vya watoto huko Marekani. Nchi ya hadithi inaitwa Prydain, jina la Kiwelshi la kisiwa cha Britania.

Je, Alexander alichota nini katika ngano, na alibadilisha nini?

Tuanze na jungu lenyewe la uchawi. Katika ngano, mfalme wa Britania anampa mfalme wa Ireland jungu linalofufua wafu ili kumtuliza, maana mtu mmojawapo wa nyumba yake, Efnisien, amewakatakata farasi wa mgeni. Baadaye vita vinazuka. Waireland wanawatumbukiza maiti wao ndani ya jungu, na kesho yake wanainuka kupigana tena, ila hawawezi kusema. Efnisien anapoona maafa aliyoyaleta anajilaza katikati ya maiti, anatupwa ndani, anajinyoosha kwa nguvu zote, na jungu linapasuka. Moyo wake pia unapasuka.

Alexander amebakiza jungu na maiti bubu. Lakini ameongeza sharti moja: jungu litavunjika tu iwapo mtu aliye hai ataingia kwa hiari yake, akijua hatatoka. Anayeingia ni Ellidyr, kijana wa kifalme lakini maskini, mwenye kiburi na wivu mwingi, aliyewasumbua wenzake safari nzima. Mnaonaje? Kiini ni kile kile, yaani mkosaji kulipa kwa uhai wake. Ila sharti lile linamfanya msomaji ajiulize: ningekuwa mimi, ningeingia?

Wahusika nao wamegeuzwa. Katika ngano, Arawn ni mfalme wa ulimwengu wa chini, mtu muungwana mwenye kutimiza ahadi. Kwa Alexander ndiye Bwana wa Mauti, adui mkuu. Gwydion wa ngano ni mchawi mjanja anayewapata nguruwe wa jirani kwa hila na kuleta vita. Katika riwaya yeye ndiye shujaa mwenye busara. Huo si uharibifu. Mwandishi mwenyewe alieleza katika dibaji kwamba Prydain yake si Wales hasa.

Lakini mhusika mkuu, Taran, ni wake Alexander mwenyewe. Huyu ni kijana asiyejua wazazi wake, na cheo chake ni Msaidizi wa Mchunga Nguruwe. Hebu fikiria kujitambulisha hivyo mbele ya watu! Katika kitabu cha nne anataka kumposa Eilonwy, binti wa kifalme, kwa hivyo anafunga safari kutafuta asili yake, akiomba iwe ya damu bora. Mchungaji mmoja kilema anamwambia, "Wewe ni mwanangu." Taran anaona uchungu na aibu. Baadaye inajulikana kwamba mzee yule alidanganya. Taran anaendelea na safari, anajifunza kufua chuma, kusuka nguo na kufinyanga vyungu. Mwishowe anakifikia kioo cha ajabu alichoambiwa kitamwonyesha yeye ni nani. Kumbe ni kidimbwi cha maji tu! Anachokiona humo ni uso wake mwenyewe, pamoja na yale aliyoyatenda.

Hapo ndipo penye utamu wa riwaya hizi. Katika ngano za kale shujaa aghalabu ni mfalme au mwana wa mfalme. Alexander aliuliza swali la kijana wa leo: je, mtu asiye na jina la ukoo anaweza kuwa mtu? Katika kitabu cha tano Taran anakuwa Mfalme Mkuu, na wazazi wake hawajulikani hata siku hiyo.

Basi wanachama wenzangu, mkiketi kuandika kwa ajili ya jarida letu, msiogope ngano. Tafuteni kwanza mfupa wa hadithi msiotaka kuuvunja. Kisha mwulize swali linalowakera nyinyi wenyewe. Ukoko upo, mradi tu mtu akubali kukwangua.