Bili ya ghafla ya matengenezo ya fleti: uliza kabla ya kulipa

Tuseme tangazo limebandikwa kando ya lifti: kila mwenye nyumba alipe shilingi 80,000 kufikia mwisho wa mwezi, lifti inabadilishwa. Kwa wakazi wa magorofa ya Kilimani, Kileleshwa, Lavington na Westlands, tangazo kama hili si geni.

Kaunti haipangi ada hii. Kaunti hutoza kodi ya ardhi. Ada ya huduma, ambayo wengi huiita sevis chaji, hupangwa na wamiliki wenyewe kupitia shirika lao, au kampuni ya usimamizi katika majengo ya zamani. Meneja ni mfanyakazi wao. Kwa hivyo mwandikie barua, uombe kumbukumbu za mkutano uliopitisha malipo hayo, bajeti ya mwaka na makadirio ya fundi. Ombi la mdomo getini halina ushahidi.

Kisha kagua mgao, kwani hapa ndipo makosa hujificha. Chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020, michango hutozwa kulingana na fungu la kila nyumba katika jengo. Lifti ya shilingi 3,200,000 ikigawanywa sawa kwa nyumba 40, kila mmoja atalipa 80,000. Lakini ikiwa fungu la nyumba yako ya chumba kimoja ni asilimia 1.5, deni lako ni 48,000. Tofauti ya 32,000 si ndogo. Ikiwa jengo lenu bado halijasajiliwa chini ya sheria hiyo, mgao utaupata katika mkataba wako wa umiliki.

Usigome kulipa kila kitu. Lipa ada ya kawaida na kiasi usichopinga, ueleze kwa maandishi unachopinga na sababu. Walinzi na pampu ya kisima hawasubiri kesi yako, na malimbikizo humpa meneja hoja dhidi yako.

Msipoelewana, sheria hiyo imeweka kamati ya ndani ya kutatua mizozo. Wenye mikataba ya zamani wasome kwanza kifungu cha usuluhishi. Ikishindikana, kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Milimani. Ukitishiwa kukatiwa maji kabla ya mzozo kuamuliwa, muone wakili mapema. Mahakama inaweza kuombwa itoe agizo la zuio.

Na mpangaji je? Lifti mpya ni mali ya mwenye nyumba. Isipokuwa mkataba wako wa kupanga unasema vinginevyo, mpelekee yeye bili hiyo. Baraza la kodi za nyumba za makazi halitamfaa mpangaji wa mitaa hii: sheria yake inahusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na kwa pesa hizo hupati hata nafasi ya kuegesha gari Kilimani. Soma mkataba kabla ya kutia sahihi, hasa mstari unaotaja ada ya huduma.