Uhifadhi wa mali nje katika maeneo ya viwanda

Uhifadhi wa mali nje katika maeneo ya viwanda ni uwekaji wa malighafi, bidhaa, mitambo au mabaki ya uzalishaji kwenye uwanja usioezekwa badala ya ghalani. Uwanja huo kwa kawaida huitwa yadi. Humo huwekwa mbao, kokoto, matofali, makontena, vyuma chakavu na, katika mkoa wa Kagera, maganda yanayobaki baada ya kukoboa kahawa.

Nchini Tanzania shughuli hii haina sheria yake peke yake. Inaguswa na sheria za mipango miji, ardhi, mazingira na barabara, na ndiyo sababu mwenye yadi anaweza kufuata moja akavunja nyingine bila kujua.

Msingi wa kisheria

Wakati wa ukoloni wa Uingereza, Tanganyika ilitungiwa sheria ya mipango ya miji na vijiji ya mwaka 1956 (Sura ya 378). Ilifuata fikra ya Kiingereza kwamba "uendelezaji" wa ardhi si ujenzi tu, bali pia badiliko kubwa la matumizi yake. Fikra hiyo imebaki katika Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 iliyochukua nafasi yake.

Jambo hili hukosewa mara nyingi. Wengi hudhani kwamba asiyejenga ukuta wala kuezeka paa hahitaji kibali. Lakini anayegeuza kiwanja cha makazi kuwa yadi ya mbao amebadili matumizi ya ardhi, hata kama hakuweka tofali moja. Kibali hutolewa na mamlaka ya upangaji, ambayo ni halmashauri ya jiji, manispaa, mji au wilaya. Zaidi ya hayo, hati miliki inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 hutaja matumizi ya kiwanja, na kukiuka masharti yake kunaweza kumfikisha mmiliki kwenye kufutiwa hati.

Katika nchi nyingine kanuni huwa za wazi zaidi. Miji mingi ya Marekani hutaja aina ya uzio wa kuficha yadi, urefu wa marundo, na umbali kutoka nyumba za watu.

Mvua na maji

Mji wa Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2000 kwa mwaka, kiasi kikubwa kuliko sehemu nyingi za Tanzania. Kwa hiyo yadi ya Bukoba si sawa na yadi ya Dodoma. Kahawa yenyewe haiwezi kulala nje, maana huota ukungu. Mbao zisizoinuliwa kutoka ardhini huoza. Na oili inayotoka kwenye vyuma chakavu huchukuliwa na maji hadi kwenye mitaro. Mto Kanoni unapita mjini na kuingia Ziwa Viktoria, hivyo uchafu wa yadi za mjini una njia fupi ya kufika ziwani.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa ziwa au ukingo wa mto, ikiwa zinaweza kuathiri mazingira hayo. Masharti haya yanagusa pia maeneo ya kando ya ziwa nje ya mji, kama Kemondo yenye bandari.

Maruku na ardhi ya vijiji

Maruku ni kata ya Wilaya ya Bukoba, inayojulikana kwa kituo chake cha utafiti wa kilimo, hasa wa migomba na kahawa. Mahali kama hapa mambo ni tofauti na mjini. Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na matumizi yake hupangwa kwa Sheria Na. 6 ya 2007, mpango ukiidhinishwa na mkutano mkuu wa kijiji.

Kwa desturi ya Wahaya, kibanja ni shamba la migomba na kahawa lizungukalo nyumba, na rweya ni nyika ya wazi kati ya vijiji. Rundo la matofali au magogo ndani ya kibanja hula nafasi ya migomba, kwa hiyo rweya huonekana kama mahali patupu pa kuwekea. Si patupu: ni malisho na chanzo cha nyasi za kutandaza mashambani. Mpango wa kijiji usiotenga mahali pa yadi huacha mgogoro huo kwa majirani wenyewe.

Kando ya barabara

Wafanyabiashara wadogo hupenda kupanga mbao na kokoto kando ya lami, wateja wazione. Kwa barabara kuu na za mkoa, hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande kutoka katikati, kufuatana na Sheria ya Barabara Na. 13 ya 2007. Zamani ilikuwa mita 22.5. Waliokuwa na majengo kihalali katika nyongeza hiyo ya mita 7.5 wanastahili fidia ardhi yao inapotwaliwa. Aliyekuja kuweka rundo lake ndani ya hifadhi baadaye hutakiwa kuliondoa kwa gharama yake.