Msumeno wa Mtumba: Usinunue Mbuzi Ndani ya Gunia

Jirani yangu mmoja, askari mstaafu, alipopokea kiinua mgongo chake aliazimia kupasua mbao ili watoto wake wamalize shule. Katika simu aliona tangazo la msumeno wa mnyororo, ule ambao wengi wetu huuita pawasoo, kwa bei ya chini mno. Picha yake iling'aa. Alituma arbuni, akasafiri, akalipa iliyosalia na kuubeba nyumbani. Siku ya tatu, mkalitusi wa kwanza ungali umesimama, injini ilikwama. Fundi alipoifungua alikuta pistoni imechubuka toka juu hadi chini. Karo ya muhula mzima ilikuwa imekwenda na maji.

Ndugu msomaji, wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Hata hivyo, si kila cha mtumba ni kibovu. Mwenye kujua kukagua aweza kupata chombo cha kumtumikia miaka mingi. Yafaa basi tuelezane namna ya kukagua.

Jambo la kwanza ni kutotuma fedha yoyote kabla ya kukiona chombo chenyewe. Picha huazimwa, na arbuni ikishatumwa kwa simu ni vigumu kuirudisha. Kutaneni mchana, mahali penye watu, nawe ufuatane na fundi unayemwamini. Tena mwambie muuzaji mapema kwamba asiiwashe injini kabla hujafika. Ufikapo, iguse kwa tahadhari. Ukiikuta ina moto, jua kwamba huenda anaficha ugumu wake wa kuwaka ikiwa baridi.

Kabla ya kuiwasha, vuta polepole kamba ya kuwashia. Injini nzima hukupinga kwa nguvu. Ile iliyochoka huvutika kwa ulaini kama kamba ya kisima kisicho na ndoo. Kisha mwombe fundi afungue ekzosi na kumulika ndani kwa tochi. Ubavu wa pistoni wapasa kuwa laini. Ukiona michirizi ya wima, rudisha fedha zako mfukoni, kwani aghalabu chombo hicho kimeendeshwa kwa petroli isiyo na oili ya kutosha.

Hapo pana swali moja la kumpima muuzaji: muulize alikuwa akichanganya oili kiasi gani. Injini hizi za mipigo miwili hazina oili yake pembeni. Hulainishwa na ile iliyochanganywa katika petroli. Kipimo cha misumeno mingi ya siku hizi ni sehemu 1 ya oili kwa 50 za petroli, yaani mililita 20 kwa kila lita. Akibabaika kujibu, umekwisha kujua jinsi alivyoitunza.

Injini ikiwaka, iache ingurume polepole: mnyororo usizunguke. Ongeza mafuta huku ncha ya upanga ikielekezwa kwenye kipande cha karatasi au kisiki, bila kukigusa. Mstari mwembamba wa oili ukitokea, pampu ya kulainisha mnyororo inafanya kazi. Hatimaye sukuma mbele kinga ya mkono iliyo juu ya mpini. Hiyo ndiyo breki, na mnyororo lazima usimame papo hapo. Ncha ya upanga ikigonga gogo, msumeno waweza kuruka nyuma kuelekea uso wa mwenye kuushika kabla hajapepesa jicho. Kwa hiyo msumeno usio na breki usinunuliwe, hata ukipewa kwa nusu ya bei.

Angalia pia upanga, mnyororo na gia inayouzungusha. Hivi huisha kwa kawaida na hununuliwa vipya, lakini gharama yake uipunguze katika bei mtakayoafikiana.

Jihadhari na bandia. Majina ya Stihl, kampuni ya Ujerumani iliyoanzishwa mwaka 1926, na Husqvarna ya Uswidi, hughushiwa mara nyingi. Tazama namba iliyogongwa kwenye mwili wa chombo. Iwapo imekwanguliwa, ondoka, kwani huenda ni mali ya wizi. Nasi tuliokula kiapo cha kulinda mali za raia hatuwezi kuwa wateja wa mwizi. Dai hati ya mauziano yenye namba hiyo, jina la muuzaji na saini za mashahidi. Kisha uulize ofisi ya misitu iliyo karibu nawe ni vibali gani vinavyohitajiwa kabla ya kuangusha mti.

Mwisho, akina baba, ununuzi huu usifanywe kwa siri. Kaeni na mama wa nyumba, mhesabu bei ya msumeno, vipuri, kofia ngumu, miwani, kinga za masikio, glavu na buti madhubuti. Ikiwa fedha zinatosha msumeno peke yake, basi bado hazijatosha. Heri kungoja mwezi mmoja kuliko kuurudia mguu hospitalini.