Kabla ya Mota Kubwa, Tazama Betri na Nyaya

Katika maziwa ya Minnesota na North Dakota, kaskazini mwa Marekani, boti ya mvuvi mara nyingi hubeba mashine mbili. Tezini kuna injini ya petroli ya kumfikisha mbali. Omoni kuna mota ndogo ya umeme ya kumsogeza taratibu, bila kishindo cha kuwatisha samaki, anaporambaza, yaani anapoburuta mshipi nyuma ya boti, au anapotaka kubaki mahali pamoja upepo ukivuma. Mota hizi zina asili huko huko: mwaka 1934, mjini Fargo, O. G. Schmidt alichukua mota ya kuwashia gari la Ford Model A akaiunganisha na rafadha, na kampuni iliyotokana na kazi hiyo, Minn Kota, ikapewa jina linalotokana na majimbo hayo mawili. Siku hizi mvuvi akiona boti yake inachoka kabla ya adhuhuri, hukimbilia dukani kutafuta mota yenye nguvu zaidi. Kwa boti nyingi za kawaida hilo ni kosa. Fedha hizo zingefaa zianzie kwenye betri na nyaya.

Wauzaji na watengenezaji wana kanuni yao ya makadirio: kila kilo 45 za boti na mizigo yake zinahitaji pauni 2 za msukumo. Boti yenye kilo 900, watu na mafuta vikiwemo, inatosheka na pauni 40, na wenye boti hizo wengi tayari wana mota ya pauni 55. Mota hiyo ya volti 12 ikifunguliwa hadi mwisho hunyonya karibu ampea 50, sawa na wati 600. Mota ya pauni 80 inayotumia volti 24 hunyonya wati zaidi ya 1,300. Mwendo, hata hivyo, hauongezeki mara mbili, kwa sababu nguvu inayohitajika kusukuma boti ndani ya maji hupanda karibu kwa mchemraba wa mwendo wake: kuongeza mwendo maradufu kunadai nguvu takriban mara nane. Basi anayenunua mota kubwa na kuibakizia akiba ile ile ya umeme amenunua njia ya haraka ya kuimaliza betri.

Na betri yenyewe haitoi kile kilichoandikwa ubavuni. Betri ya risasi na asidi ya ampea-saa 100 kwa kawaida hupimwa kwa kutoa ampea 5 kwa saa 20. Ukiitaka itoe ampea 50 kwa mkupuo, itakwisha baada ya muda unaozidi saa moja kidogo tu, na jambo hili limejulikana tangu Wilhelm Peukert, mwanasayansi wa Ujerumani, alipolieleza mwaka 1897. Isitoshe, ukizoea kuishusha chini ya nusu unaifupishia maisha. Volti zake nazo huteremka kadiri inavyotumika, na mota hulegea pamoja nazo. Ndiyo maana boti iliyokwenda vizuri alfajiri huonekana dhaifu baadaye, na mota ikalaumiwa bure. Betri ya lithiamu ya fosfeti ya chuma yenye ukubwa huo huo hushikilia volti karibu 13 hadi inapokaribia kwisha, hutoa ampea 50 kwa takriban saa mbili, na ina uzito wa kilo 13 hivi badala ya 28.

Nyaya ndizo husahaulika kabisa. Betri ikikaa tezini na mota omoni, umeme husafiri mita 5 kwenda na mita 5 kurudi. Kwa waya wa shaba wa milimita mraba 8, ampea 50 hupoteza volti 1 nzima njiani, na wati 50 zinageuka joto ndani ya waya. Kwa waya wa milimita mraba 21 upotevu unashuka hadi volti 0.4. Hapa ndipo mfumo wa volti 24 unapokuwa na faida ya kweli: kwa nguvu ile ile, mkondo unakuwa nusu na joto la waya robo. Fyuzi au swichi ya kujikata iwekwe karibu kabisa na betri, maana waya mnene uliopata hitilafu bila kinga unaweza kuichoma boti.

Kuna watakaosema lithiamu huwaka moto. Hofu hiyo ina msingi kwa kemia ya kobalti iliyo kwenye simu nyingi. Hii ya fosfeti, iliyogunduliwa na kundi la John Goodenough katika Chuo Kikuu cha Texas katika miaka ya 1990, huvumilia joto zaidi. Na betri ya risasi nayo hutoa haidrojeni inapochajiwa, gesi inayolipuka. Wengine watataja bei, na wana haki. Lithiamu hurudisha gharama kwa anayevua mara nyingi, kwa kuwa huchajiwa maelfu ya mara, huku ya risasi ikihesabu mamia. Anayevua wikiendi chache kwa mwaka abaki na risasi, aongeze unene wa waya na anunue chaja nzuri. Aliye mahali pa baridi akumbuke kwamba lithiamu haichajiwi chini ya nyuzi sifuri za Selsiasi. Tena isiunganishwe sambamba na betri ya risasi, wala isichajiwe kwa chaja isiyotengenezwa kwa ajili yake.

Mota mpya ina mahali pake pia. Boti nzito, au ziwa lenye upepo mkali, vinaidai, na uwezo wa mota za kisasa kuishikilia boti mahali pamoja kwa kufuata setilaiti ni msaada mkubwa ambao betri haiwezi kuuleta.

Betri za lithiamu ya fosfeti zinauzwa sasa Dar es Salaam na Nairobi kwa ajili ya umeme wa jua, na mvuvi wa Ziwa Victoria anayefikiria mota ya umeme atakutana na hesabu hizi hizi. Kabla hujalipa, soma idadi ya ampea kwenye kibati cha mota, pima urefu na unene wa waya wako, kisha mwulize muuzaji betri yake itadumu saa ngapi kwa ampea hizo. Asipoweza kujibu, usinunue kwake.